Kufuli Mbili za Ghala la Mbegu

Hapo zamani za kale, wanangu, mbele ya ghala la mbegu la Bonde la Mawele, walikuwapo hawa: Tembo, mfalme wa nchi nzima, Nyati, mkuu wa bonde, Ngiri, Bata na vifaranga wake, Kobe, na Kindi, aliyembeba mwanawe mdogo mgongoni.

Mvua ya kwanza ilikuwa imeanza. Pwa! Pwa! Pwa! Lakini mbegu zote zilikuwa ndani, na mlango ulikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulining'inia shingoni mwa Tembo, wa pili kwenye pembe ya Nyati.

"Kilimo ni cha nchi!" akanguruma Tembo. "Kitasimamiwa na mimi. Fungua kufuli yako, halafu nipe ufunguo."

"Mfalme unayekaa mlimani unaujua udongo wa huku?" akafoka Nyati. "Kilimo ni cha bonde. Fungua wewe kwanza!"

"Waulize wananchi!"

"Haya, tuwaulize!"

Ngiri akasema, "Mfalme asimamie. Nzige wakija, nani mwingine atawaweza?"

"Thubutu!" akadakia Bata. "Mfalme yuko mbali. Nyati nikimwita, kwa, kwa, kwa! ananisikia."

"Na wewe Kobe?"

"Mimi nataka mbegu tu," akasema Kobe.

Wakamzomea. "Huyo hana msimamo! Huuu!"

"Mama, njaa," mtoto wa Kindi akalia.

Kobe alichomoa kipande cha kiazi alichokiweka ndani ya gamba lake, akakitia mkononi mwa mtoto. Kindi aliona, na machozi yakamlengalenga machoni, kwa maana Kobe mwenyewe hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi. Mvua hii ikipita, akawaza, watoto wa bonde zima watakula nini?

Ruu! Akarukia juu ya uzio.

"Shikamooni, wakubwa zetu!"

"Marahaba. Unataka nini, kadogo?"

"Mbona tumesahau desturi? Msimamizi wa kilimo ndiye hufungua shamba. Huchimba mstari wa kwanza mwenyewe, na wananchi humfuata nyuma wakipanda. Leo mko wawili. Basi chimbeni! Jua likizama, mwenye mistari mingi iliyopandwa ndiye msimamizi."

"Iliyopandwa?" Tembo akauliza.

"Eee, Mfalme. Mstari usio na mbegu si njia ya panya tu?"

Kacha! Tembo akafungua kufuli yake. Nyati akatoa macho. "Unataka waseme umenitangulia?" Kacha! Naye akafungua yake.

Lo! Ilikuwa siku ile! Tembo alichimba kwa meno, Nyati kwa pembe. Gudu! Gudu! Gudu! Udongo ukaruka, mbegu zikamwagwa, Bata na vifaranga wakafukia kwa miguu yao mipana. Kindi alikimbia huku na huku.

"Mfalme, Nyati anakupita!"

"Nani? Huyo?" Gudu! Gudu!

"Mkuu, Tembo hata kupumua hapumui!"

"Atanitambua leo!" Gudu! Gudu!

Jua likazama. Wale wawili wakaanguka chini, puu! puu!

"Hesabu!" Tembo akahema. "Nani kashinda?"

"Ah, wakubwa," akasema Kindi, "Bata kashasawazisha, na mvua imelainisha. Mstari upi ni wa nani, sasa nani ajue?"

Wakatazama. Bonde lote lilikuwa jeusi, limepandwa mpaka mtoni.

"Kindi!" Tembo akasimama. "Umetuchezea!"

Kindi akamkumbatia mwanawe. "Ndiyo, Mfalme. Ninyi mlikuwa mnagombea mlango, na watoto hawa walikuwa wanalia nje."

Tembo akamtazama mtoto. Alikuwa amelala, ganda la kiazi bado mkononi.

Nyati akaanza kucheka, taratibu, kisha kwa nguvu. "We Tembo, pembe zangu zinawaka moto!"

Tembo akaenda mtoni, akajaza mkonga maji, akarudi akammwagia Nyati kichwani, polepole, kama anayemwogesha mtoto. Na hilo Kindi aliliona pia.

Mkulima haulizi ufunguo uko kwa nani. Huuliza mlango utafunguliwa lini.

Masika yaliyofuata, mlango wa ghala haukuwa na kufuli hata moja.