Kwa Nini Lango la Boma Tupu Hufungwa

Sikilizeni, na anayetaka kusinzia aende akasinzie kwake. Habari hii si ya kubembelezea watoto.

Zamani, jangwa hili linalotutia vumbi mpaka kwenye uji lilikuwa nyika ya majani. Ng'ombe akilala, humwoni. Nani aliiharibu? Mtasema ukame. Ukame husingiziwa mengi! Walioiharibu ni watu, tena watu wetu wenyewe. Walilisha mpaka mizizi, na siku ya kuhama walichoma ua wa miiba ili mikosi iteketee humo. Kufunga lango la boma tupu ulikuwa mwiko, maana ilikuwa sawa na kuitakia mifugo kifo. Basi walichoma wakahama, na kila walikofika walikata miti mingine wajenge ua mwingine. Nyuma yao ardhi ilibaki uchi, na hakuna aliyegeuka kuitazama.

Katika kambi moja alikuwepo mjane aitwaye Darmi. Mwaka ambao vumbi lilizidi, ng'ombe walikauka maziwa, na mjukuu aliyekuwa akimlea akafa kwa njaa. Watu wakaja kumpa pole, wakamwambia ni mapenzi ya Mungu.

"Msimtwishe Mungu mzigo wenu," Darmi aliwajibu. "Yeye alitupa majani. Tuliyamaliza sisi."

Walimzika mtoto kando ya ua. Wakati wa kuchimba, Darmi aliona kitu kilichomkata maini. Miiba ya ua ilikuwa imenasa mbegu za majani zilizoletwa na upepo kutoka mbali, na chini yake, ndani ya samadi, mchanga ulikuwa bado na unyevu. Miaka yote hiyo walikuwa wakichoma mbegu kwa mikono yao, kisha wakilia kwamba majani hayaoti. Hasira ikampanda.

Halake, shemeji yake na mkubwa wa kambi, alipoamuru watu wahame, vijana walileta kinga cha moto. Darmi akakipiga teke.

"Shemeji, huzuni imekupanda kichwani," Halake alisema. "Toka, tuchome twende."

"Nendeni. Mimi siendi, na ua huu hauchomwi. Anayetaka kuuchoma aanze na mimi."

Wakamwachia nyama kavu, wakaondoka. Ng'ombe wake mmoja aliyebaki, Burre mwenye madoa, aliondoka nao kutafuta malisho. Walipogeuka walimwona Darmi akiburuta tawi la miiba na kuliziba lango. Wanawake wakatema mate chini.

Darmi akabaki na kisima cha maji ya chumvi na hasira zake. Alipukutisha mbegu kutoka kwenye miiba, akavunjavunja samadi, akachimba vishimo vya kuzuia maji. Kila kishimo alikichimba kwa matusi. Hiki cha Halake asiyesikia! Hiki cha wale waliokuja na mapenzi ya Mungu! Akiishiwa na majina, alijitukana mwenyewe, kwa kuwa naye alikuwa amewahi kushika kinga cha moto.

Mvua ilinyesha mara moja tu, tena haba. Nje ya ua maji yalikimbia na vumbi. Ndani yalituama, na majani yakachipuka.

Yalikuwa yameanza tu kutoa masuke wakati kambi iliporudi. Huko walikokwenda nako kulikuwa kweupe. Mifugo ilikuwa imebaki mifupa, na iliponusa kijani ikakimbilia lango.

"Shemeji, fungua," Halake aliomba. "Ng'ombe wanakufa."

"Mbegu hazijakomaa. Nikifungua, mtayamaliza majani kabla ya jua la utosi. Kesho mtalisha nini? Mtachoma nini?"

"Hata Burre humfungulii?"

Burre alikuwa ameisikia sauti yake, akapenyeza pua kwenye miiba, akalia. Darmi alimpenda ng'ombe yule. Ndiye aliyemnyonyesha mjukuu wake kabla hajakauka maziwa. Akampa mgongo.

"Hata Burre," alisema.

Akasimama hivyo, fimbo mkononi, akiwatukana wote kwa majina, kwa sauti kubwa, asimsikie Burre akilia. Alitukana mpaka sauti ikakauka. Aliponyamaza, kulikuwa kimya nyuma yake pia. Burre alikuwa amekufa langoni.

Halake angeweza kumsukuma mjane yule kwa mkono mmoja. Hakumgusa. Mtu aliyemwacha ng'ombe wake afe, utamtisha kwa kitu gani? Aliketi chini, na kambi nzima ikaketi, wakaishi kwa mbuzi waliotafuna vichaka mpaka masuke yalipokauka. Hapo Darmi akafungua, akampa kila mwanamke gao la mbegu kiganjani. Hakuwaambia neno jema hata moja.

Na tangu siku hiyo, watu wa nyika wakihama hawachomi ua. Mwanamke huburuta tawi la miiba akaliziba lango la boma tupu, na mnyama haingii humo mpaka majani yatoe mbegu. Hufunga akitukana, akianza na mumewe, na wanaume husimama wameinamisha vichwa, wala hakuna anayemjibu. Mkiona duara la kijani katikati ya jangwa, jueni hapo palitukanwa.

Tena hufunga akiwa amewapa ng'ombe mgongo. Akiwatazama, atafungua.