Jani Alilolirudisha Mzee Eliakimu

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kwa vijana wa kipaimara, na kila mara nilikipunja. Nililiondoa jani. Niliona haya kwamba mtu mwema wa kanisa la zamani asikike akibeba jani la mila mkononi, basi nikasema tu, "Akaenda, wakapatana na jirani yake," nikaishia hapo. Nilikosea, maana nilipoliondoa jani niliiondoa na toba. Mola anirehemu. Leo nakitoa kama nilivyokipokea.

Waliotutangulia katika imani wametuhadithia kwamba, zamani za Wakristo wa kwanza kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliishi mja wa Mungu aitwaye Eliakimu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sala na wa maneno machache, na watu walimpa jina la Mzee Saburi. Jina hilo halikumjia bure.

Kihamba chake, yaani shamba la migomba aliloachiwa na baba yake, kilipakana na kihamba cha Matowo, ambaye siku hizo hakuwa amemjua Kristo. Mpaka wao ulikuwa mstari wa masale. Isale, kwa asiyeijua, ni mmea wa majani marefu, mgumu kufa, ambao Wachaga huupanda mipakani na makaburini. Msimu mmoja wa mvua, Matowo aliyang'oa masale akayapanda upya ndani ya shamba la mwenzake. Ukanda alioumega haukuwa mpana, lakini ndani yake lilikuwamo kaburi la baba yake Eliakimu. Shauri lilipofika kwenye baraza la Mangi, mtawala wa Wachaga, Matowo aliapa mbele ya watu kwamba mpaka ulikuwa pale pale tangu enzi za babu yake. Akapewa ushindi.

Eliakimu hakupigana wala hakutukana. Alisema, "Namwachia Mungu," akarudi nyumbani. Watu walistaajabu. Tangu hapo, kila waumini walipokutana kushuhudia, alisimama akaeleza jinsi alivyodhulumiwa, jinsi alivyonyamaza, na jinsi Bwana alivyomshika mkono. Wengine walitoka mitaa ya mbali kuja kumsikia, wakaondoka wakijifuta machozi. Na yote aliyoyasema yalikuwa kweli tupu.

Miaka ikapita. Matowo akapatwa na ugonjwa wa kuvimba miguu, ukamlaza kitandani. Akawa anatunzwa na binti yake Mkunde, mjane aliyerudi kwao. Kila Jumapili nyimbo za kanisani zilimfikia pale alipolala, na dhamiri yake, iliyokuwa imelala muda mrefu kuliko yeye, ikaanza kuamka. Siku moja akamwambia binti yake, "Mpelekee Eliakimu isale."

Hapa yafaa niseme desturi ilivyo. Katika watu wale, aliyemkosea mwenzake hulifunga fundo jani la isale akamtumia. Anayelipokea amekwisha kusamehe, hata kama kosa ni kubwa kama mlima. Kulikataa ni jambo zito sana, na hata watu wakali waliokuwa hawajui dini yoyote walikuwa hawalikatai.

Mkunde alimkuta Eliakimu uani, na mkewe Aikande ameketi kando akimenya ndizi.

"Hodi kwa baba."

"Karibu, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea kupungua, baba. Amenituma." Akafungua pindo la nguo yake, akalitoa lile jani lenye fundo, akapiga goti na kulishika kwa mikono miwili. "Anasema amekukosea kwa mpaka, na amekukosea kwa kiapo. Anaomba ulipokee."

Eliakimu alilitazama jani, kisha akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mwanangu, mimi ni Mkristo. Mambo ya majani tuliyaacha tulipobatizwa. Mwambie baba yako kwamba kwetu sisi watu huomba radhi kwa sala."

"Baba, yeye hana sala," Mkunde akasema. "Ana jani."

"Basi na ajifunze sala."

Mkunde akaondoka na jani lake. Aikande hakuinua macho, lakini kisu kilianza kwenda mbio kwenye maganda.

"Baba Kaanaeli," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Naam, mama."

"Mhunzi aliyefua kisu hiki alikitemea mate na kukiombea kwa mizimu ya kwao. Na ndizi ninazozimenya nacho unazila."

"Usinichanganyie mambo, mama Kaanaeli."

"Sichanganyi. Namenya."

Mkunde alitumwa tena. Eliakimu akamjibu kwa sauti ya upole zaidi, na jibu lilikuwa lile lile. Ndipo Matowo akasema, "Kama mtu huyu anataka sala, basi nifundisheni hiyo sala." Mchungaji alipopata habari alifurahi sana. Akaahidi kumbatiza pale pale kitandani siku atakapoweza kuisali Sala ya Bwana kwa kinywa chake mwenyewe, maana kila mtu aliona kwamba siku za mgonjwa zinakwisha. Na kwa kuwa Aikande alikuwa jirani na mtu wa moyo, kazi ya kumfundisha ikamwangukia yeye.

Matowo alikuwa mwanafunzi mwepesi. Jina la Mungu litakaswe, alilishika. Ufalme uje, aliupenda, maana alisema hata yeye alichoshwa na baraza la Mangi. Riziki ya kila siku, aliiomba kwa sauti kubwa mpaka Mkunde akacheka. Wakafika kwenye ombi la msamaha. Aikande akasema, Matowo akafuatisha, kisha akakatiza katikati.

"Ngoja hapo, shemeji. Hao 'sisi' ni akina nani?"

"Wapi?"

"Hapo. Utusamehe, kama sisi tunavyosamehe. Sisi gani?"

"Ni sisi sote tunaosali."

"Hata mumeo yumo?"

"Yumo."

"Kwa hiyo mimi namwomba Mungu anisamehe vile Eliakimu anavyosamehe?"

Aikande akaanza tena ombi lile tangu mwanzo.

"Shemeji," Matowo akasema, "mimi nimekuwa mwongo, lakini sijawa mjinga. Hiyo ni laana, na mnataka niiite juu ya kichwa changu mwenyewe. Turudi kwenye riziki, pale palikuwa salama."

Alimbembeleza, mgonjwa hakusogea. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, akifika pale hufunga mdomo. Na pasipo sala kamili, ubatizo hapana. Mkunde akaanza kulia jikoni, kwa kuwa miguu ya baba yake ilikuwa imevimba hadi mapajani.

Aikande alirudi akamweleza mumewe neno kwa neno. Eliakimu alikuwa anakula.

"Hajaelewa," akasema. "Nitamwomba mchungaji akamfafanulie."

"Ameelewa vizuri kuliko mimi ninayemfundisha. Nikuulize neno, baba Kaanaeli, usikasirike."

"Uliza."

"Ukimsamehe Matowo, Jumapili utashuhudia nini?"

Eliakimu akasukuma chakula kando, akatoka nje.

Jumapili ikafika, na zamu ya kuongoza sala ilikuwa yake. Alisimama mbele amevaa kanzu yake nyeupe, akaanza vizuri kwa ile sauti nzito waliyoizoea. Alipofika kwenye msamaha akasema, "Kama..." na ulimi ukagoma. Kanisa likangoja. Mbele kabisa alikaa bibi mmoja mzee asiyesikia vizuri, naye akadhani mzee amesahau, akamnong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Kama sisi, mzee! Kama sisi!"

Vijana wakacheka. Eliakimu hakucheka. Akasema, "Ndugu zangu, malizieni ninyi. Mimi neno hilo bado silimiliki." Akapita katikati ya watu, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja hadi mpakani. Pale kwenye masale yaliyopandwa kwa dhuluma, akakata jani moja, akajaribu kulifunga fundo. Vidole vilikuwa vimesahau, maana tangu ujana wake alikuwa hajamwomba mtu radhi kwa namna ile. Likachanika. Akakata jingine, likakubali.

Watu waliokuwa njiani walimwona katika kanzu yake ya ibada, jani mkononi, mchana kweupe.

"Haa! Mzee Saburi na isale! Umemkosea nani wewe?"

"Matowo."

"Matowo? Mzee, jua limekuingia? Mwizi ndiye hupeleka jani!"

"Alikwisha kulipeleka," akajibu, akaendelea na safari. Nyuma yake wakaanza kufuatana, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kutaka kuona.

Matowo alipomwona mlangoni alijiinua kwa kiwiko. Uso ulikuwa umekonda, lakini ulimi wake haukuwa umeugua.

"Ee! Mkristo na jani! Si mliyaacha mlipobatizwa?"

Eliakimu akapiga goti kama Mkunde alivyopiga goti mbele yake, nalo halikuwa jambo dogo kwa mtu wa umri ule.

"Nilikudanganya, Matowo. Sikulikataa jani. Nilikukataa wewe, nikajificha nyuma ya imani yangu."

"Lakini mimi ndiye niliyeng'oa mpaka. Mimi ndiye niliyeapa uongo. Sasa unaomba nini?"

"Wewe uling'oa mara moja. Mimi dhambi yako nimeila miaka yote hii. Kila Jumapili naipasha moto, nawapakulia watu, nasifiwa mpishi. Ulipotaka kuja kuiondoa nilikufungia mlango, kwa sababu nisingebaki na chakula. Na nilikufungia kwa jina la Bwana. Hilo ni zito kuliko kaburi la baba yangu."

Matowo akalitazama jani.

"Nikilikataa je?"

"Nitakuja tena."

"Ukija tena utanikuta nimekufa."

"Basi lichukue leo, mzee mwenzangu, acha ukaidi."

Matowo akacheka mpaka kikohozi kikamshika, Mkunde akamshikilia mabega. Alipotulia, akanyoosha mikono yake miwili akalipokea. Kisha akasema, "Na langu?"

Mkunde alikuwa hajalitupa. Isale haikauki upesi, na lile jani lilikuwa bado na ukijani. Eliakimu alilipokea akiwa amepiga magoti vile vile. Aikande, aliyekuwa amewafuata nyuma, akajifuta macho kwa pindo la nguo, akasema kama mwalimu, "Haya, tuendelee pale tulipoishia."

Matowo akaanza sala. Alipofika kwenye lile neno, akasita, akamwangalia Eliakimu. Eliakimu akaitikia kwa kichwa. Wakalisema wote wawili kwa pamoja, naye akaimaliza sala mpaka amina. Mchungaji akaitwa, na jioni haijaingia Matowo akabatizwa kitandani pake, mbele ya umati uliokuja kutazama kioja.

Mungu kwa rehema zake akamwongezea siku. Alipata nafuu ya kutosha kukaa nje na kuelekeza watu walipokuwa wanayarudisha masale mahali pake pa kwanza. Wala tusidhani kwamba tangu siku ile waligeuka malaika. Tumesimuliwa kwamba waligombana juu ya zamu ya maji ya mfereji, na siku moja walipigiana kelele hata mchungaji akasikia. Lakini ugomvi wao haukulala mpaka kesho yake. Na inasemekana Eliakimu hakuusimulia tena ule ushuhuda wake wa zamani. Waliomwomba aliwaambia, "Muulizeni Matowo, sasa ni wake."

Nami nikikitafakari kisa hiki naona kwamba subira ni neema kubwa, lakini mtu aweza kuketi juu yake kama kiti cha enzi, akasahau kwamba Bwana alimpa ili imfikishe kwa ndugu yake. Eliakimu alikuwa mwema kabla ya siku ile, hilo silikani. Ila alikua pale alipokubali kuonekana mkosaji mbele ya mkosaji wake. Na Mungu aliyempa nguvu ya kupiga goti hajapungukiwa na nguvu hizo. Anazo za kutosha, nami nina hakika atakupa na wewe.

Basi ndugu yangu unayesoma, nakuomba jambo moja. Kama yuko mtu aliyekuja kukuomba radhi ukampa jibu zuri la dini lakini hukumpa msamaha, usimtume mtu kwake. Nenda mwenyewe, na uende leo.