Kiti cha Siku ya Makande

Hapo zamani, na msinitajie sungura wala fisi, maana zamani yenyewe si ya mbali kiasi hicho. Watu walikuwa tayari na simu za picha na masweta ya sare. Sogeeni karibu. Nyie wa huko nyuma acheni kunong'ona, mwishoni nina swali, na nawajua, asiyesikiliza ndiye huwa na jibu refu.

Juu milimani, Upareni, aliishi mjane mmoja, Bibi Nakijwa. Kipupwe cha kule si mchezo. Ukungu unaingia ndani bila hodi, nguo haikauki, na mtu akisema anakwenda kuoga anapewa pole. Basi kila kipupwe, shule zikifungwa, watoto na wajukuu wa Bibi walipanda mlima kuja kula makande ya chungu kimoja. Walipanda tena wakati wa vuli, kwenye Krismasi, lakini siku kubwa ilikuwa hiyo ya kipupwe. Waliiita Siku ya Makande.

Aliyeianzisha alikuwa marehemu mumewe, Babu Sekiete, na aliacha sharti. Jioni, yule aliyewafurahisha watoto kuliko wote atakalia kiti cha Babu, kile cha mbao chenye mikono. Atakayekalia kiti ndiye atakayeamua sikukuu inayofuata itafanyika wapi na itakuwaje. Wa kumkalisha ni Bibi. Bibi mwenyewe hakai, kwa sababu Babu hakutaka mtu awe mchezaji na refa kwa wakati mmoja.

Babu alipofariki, mtoto wa kwanza, Elirehema, alikalia kiti hicho siku ya matanga, na tangu hapo hakuna aliyemwona akiinuka. Elirehema alikuwa mtu wa vikao. Chini ya uongozi wake Siku ya Makande ilipata mgeni rasmi, ambaye alikuwa yeye. Ilipata sala ya kufungua, sala ya kufunga, neno la shukrani, na neno la kushukuru kwa neno la shukrani. Watoto walikalishwa kwenye benchi, mikono magotini, sweta lisiguse chochote kabla ya picha. Makande yakija kuliwa yalikuwa yamepoa hadi katikati.

Ikafika vuli moja. Baba Mkubwa Elirehema yupo katikati ya hotuba ya Krismasi, na mjukuu mdogo kuliko wote, Nanzia, bado hajaanza shule, akasema kwa sauti yake yote: "Mama, mimi sitaki kwa Bibi. Kwa Bibi kuna baridi na hotuba."

Watu walicheka. Bibi Nakijwa hakucheka. Baadaye, akipita dirishani, alimsikia mama wa Nanzia, mkwewe Ruhama, akiongea kwenye simu na mumewe, dereva wa malori ambaye sikukuu zote zilimkuta barabarani. "Tuwape kipupwe kimoja tu, Baba Kiondo. Wanangu wakilia tena, Krismasi tunakwenda zetu ufukweni. Mama atatusamehe."

Mama mwenyewe, pale dirishani, hakuwa na uhakika kama atasamehe. Wajukuu wadogo walikuwa hao wawili tu, Nanzia na kaka yake Kiondo. Wengine walishakua, wanatuma salamu na vikatuni vya moyo. Bibi aliwapenda hao wawili kwa pupa, mpaka mwenyewe akaona haya. Miezi yote iliyofuata alilala na neno moja kifuani: kipupwe kimoja tu.

Kipupwe kikafika. Elirehema akagawa kazi. Yeye mwenyewe alichukua kuni. Dada yake Namsi, aliyetoka Arusha, alipewa mahindi na maharage. Ruhama alipewa masweta.

Sikilizeni jinsi kila mmoja alivyofanya kazi yake.

Elirehema alikataa kuni za jikoni kwa Bibi, zile zilizokaa juu ya uchaga zikapigwa moshi mpaka zikawa nyeusi. "Hizi zitatuaibisha kwenye picha, Mama." Akaleta magogo yaliyokatwa siku hiyo hiyo, yamenyooka, gome lake zuri, maji yanachuruzika mwishoni. Akayapanga uani.

Namsi alitakiwa aloweke mahindi na maharage usiku kucha. Alikaa na wifi yake wakibishana kama rangi ya sweta ni zambarau au damu ya mzee. Walipoafikiana, alikwenda kulala. Mahindi nayo yakalala, makavu, ndani ya gunia.

Ruhama aliona doa kwenye sweta moja. Mwanamke safi. Akayafua yote alfajiri, akayaanika, katika mlima ambao soksi huchukua wiki kukauka.

Ilipofika saa sita, kuni zilitoa moshi bila moto. Chungu kiliwekwa juu ya moshi huo na hakikuchemka. Masweta yalining'inia kwenye kamba yakidondosha maji. Watoto walikuwa kwenye benchi, meno yanagongana, wakimsubiri mgeni rasmi aache kukohoa. Nanzia alianza kukunja uso. Bibi aliuona uso ule ukikunjwa, akakumbuka: kipupwe kimoja tu.

"Namsi, umetuletea kokoto!" akafoka Elirehema.

"Kokoto zangu, Kaka, zingeiva kwenye moto. Nionyeshe moto."

"Huo moto ungepata muda kama watu wasingekuwa wanatetemeka. Masweta yako wapi, Mama Kiondo?"

"Yako kwenye kamba, shemeji. Si unataka picha safi? Ndiyo usafi huo."

Kosa ni la Namsi, kosa ni la Kaka, kosa ni la shemeji. Liliruka hivyo kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu, hakuna aliyelidaka. Bibi Nakijwa hakusubiri liishe. Aliwashika wajukuu mikono, akawavusha ua, akawaingiza katika jiko lake la zamani, lile lenye mafiga matatu na dari jeusi. Akashusha kuni zake zenye aibu kutoka uchagani. Zikawaka mara moja. Akafukia viazi vitamu kwenye majivu ya moto, akawafunika watoto blanketi moja.

Wa kwanza kuwafuata alikuwa Ruhama. Alikuja kuangalia kama wanae hawachafuki, akakuta wameshachafuka, akakaa. Wa pili Namsi, alikuja kumwita wifi yake, akavutwa na harufu ya viazi. Elirehema alibaki peke yake uani na magogo yake. Alihutubia kidogo. Halafu naye akaingia akiwa ameinama, maana mlango wa jiko lile haumtambui mgeni rasmi, akasema amekuja mara moja tu.

Jiko lilikuwa dogo. Hakukuwa na benchi wala mbele na nyuma. Kwa kuwa hapakuwa na sweta, kila mtoto aliingia mapajani mwa mtu, na blanketi likavutwa huku na huku. Kwa kuwa hapakuwa na makande, watu walikula viazi kwa mikono, vya moto, wakirushiana kiganja hadi kiganja na kupuliza. Na kwa kuwa moshi wa uani ulikuwa umemkausha koo, Elirehema hakuweza kutoa hotuba.

"Baba Mkubwa," akauliza Kiondo, "ulipokuwa mdogo ulikuwa unalia kwa Bibi?"

Elirehema alifungua mdomo ajibu kwa heshima. Namsi akamuwahi. "Alikuwa analia kwa ajili ya beberu! Beberu la jirani lilimfukuza mpaka likampandisha juu ya paa la jiko hili hili. Akashinda huko."

"Halikunifukuza. Nililipisha njia."

"Beberu linaliaje, Baba Mkubwa?" akauliza Nanzia.

Sasa jamani, mtu huyo alikuwa mkuu wa kitengo kazini kwake. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akalia kama beberu. Alilia vizuri mno, shingo imenyooka, ulimi nje, na Nanzia akaanguka kutoka mapajani mwa Bibi kwa kicheko. Fanya tena, Baba Mkubwa. Akafanya tena. Mwisho alikuwa anatambaa kwa magoti na mikono, Kiondo mgongoni, masizi mpaka masikioni, na Ruhama, ambaye hakuwahi kucheka ukweni kwake tangu aolewe, alikuwa akifuta machozi kwa pindo la kanga.

Ndipo Nanzia alipotangaza, mdomo umejaa kiazi: "Mimi sirudi Dar. Nakaa hapa na Bibi na beberu."

Furaha ilimjaa Bibi Nakijwa. Kipupwe kimoja alichopewa kilikuwa kimetosha.

Lakini mnaijua familia. Nanzia hajameza kile kiazi, Elirehema akainuka, akajipangusa magoti, akatoka, akarudi amebeba kiti cha Babu. Akakiweka katikati ya jiko, watu wakabanana ukutani.

"Mama, watoto wamefurahi," alisema. "Kilichobaki ni utaratibu. Nani alisababisha? Mimi. Kama si kuni zangu mbichi, tusingetoka uani. Tungekula kwa ratiba, wangelia kwa ratiba. Moshi wangu ndio uliowaleta hapa."

"Moshi wako ungetupeleka sebuleni kwenye makochi," alisema Namsi. "Ni njaa iliyotuleta kwenye majivu, na njaa hiyo niliiandaa mimi. Ningeloweka mahindi, nani angekula kiazi? Kokoto uliyonitukania mchana, Kaka, sasa ndiyo sababu."

"Watu wanaweza kuwa na moshi na njaa na bado kila mmoja akakaa kivyake," alisema Ruhama taratibu. "Watoto hawakuingia mapajani kwa kutafuta kiazi. Waliingia kwa kutafuta joto. Masweta yangekuwa makavu, shemeji, beberu lako lingelia peke yake."

Mnaona? Lile kosa ambalo mchana halikuwa na mwenyewe, jioni lilikuwa na wenyewe watatu, na kila mmoja ana ushahidi.

Bibi Nakijwa akawauliza jambo moja tu. "Nikikukalisha, Krismasi itakuwaje?"

Elirehema alikuwa ameshafikiri. "Kama leo hivi hivi, Mama, ila kwa mpangilio. Kuni mbichi ziwe za lazima. Namsi nitamteua asiloweke mahindi. Mama Kiondo atalowesha masweta saa nne, mgeni rasmi akishawasili. Saa nane tunaingia jikoni kwa mstari. Beberu saa nane na nusu, baada ya sala. Na familia nzima itakuja, hapa hapa kwako, asikosekane mtu."

Nanzia aliposikia neno mstari, alivuta blanketi juu ya kichwa.

Namsi akasema: "Mimi nitajenga jiko kama hili kwangu Arusha, mafiga matatu, lakini la vigae, moshi unatoka kwa bomba. Watoto watacheza bila kuvuta moshi. Wote watakuja, barabara ni ya lami. Wewe Mama tutakufuata na gari, na kwa miguu yako hii hutapanda tena mlima. Jiko hili hapa nalo lipumzike."

Bibi aliangalia moto wake. Hakuna siku aliyoulaza tangu aolewe.

Ruhama akasema: "Mimi nitawaleta watoto hapa, Mama. Krismasi hii, na kila kipupwe. Wewe, mimi na hawa wawili, jiko hili, basi. Hakuna picha, hakuna kikao. Ila kwa heshima zote, shemeji na wifi wapumzike makwao, maana wakifika, ratiba inafika. Na akikaa mwingine," akainamisha macho, "nilishamwahidi Baba Kiondo. Tutakwenda ufukweni."

Elirehema alisimama na masizi usoni, mkono bado umeshika mgongo alipopandwa na Kiondo. Kusema kweli alikuwa ameumia. Alikuwa ndiye beberu, na beberu alikuwa hajaalikwa.

Jua lilikuwa linazama. Uani chungu kilianza, kwa kuchelewa kote huko, kuchemka. Bibi Nakijwa alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, mikono juu ya mbao, na kila aliyemtazama alikuwa wa kwake.

Msiniambie amkalishe Nanzia. Ana miaka minne, ataamua tule pipi. Msiniambie akivunje kiti atie motoni, hicho ndicho alichoachiwa na mumewe. Na msiniambie wakae kwa zamu, tumeshaona zamu ya Elirehema ilivyokwisha.

Nyie mliocheka kuliko wote, anzeni. Moshi ulikuwa wa Elirehema, njaa ya Namsi, baridi ya Ruhama, na furaha ilikuwa moja. Je, kiti hicho alistahili nani? Na mkishamkalisha, nani atakwenda kumwambia Bibi ni yupi kati ya watu wake ambaye hatamwona Krismasi?