Tiketi ya Pili

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya wafalme na majitu, nasema zamani hii hii ya simu na vocha, palikuwa na mwanamke akiitwa Mwasiti. Aliishi katika mji mdogo ulio chini ya milima yenye michoro ya kale, ile ambayo wageni hutoka mbali kuja kuipiga picha. Mwasiti alikaanga vitumbua. Alikuwa na mume, Mrisho, fundi baiskeli. Alikuwa na watoto, wa kwanza Tausi. Alikuwa na mama mkwe, Bi Mwantumu, na wifi, Zawena, dada yake Mrisho, aliyeachika akarudi kwao. Wote ua mmoja, jiko moja.

Na alikuwa na ugonjwa. Nauita ugonjwa kwa sababu ndivyo mtaa ulivyouita. Mwasiti alitaka kujua Kifaransa. Nani kamtuma? Hakuna. Atakitumia wapi? Hajui. Mgeni alisahau kitabu kibandani pake, akakifungua, akakipenda, basi. Mwanamume akipenda mpira, nani humuuliza atautumia wapi?

Alisoma akichota maji. Alisoma akikoroga unga. Alisoma akinyonyesha. Kitumbua kikiiva upande mmoja, neno moja. Kikigeuzwa, neno jingine. Vingine viliungua, sitaki kusema uongo.

Bi Mwantumu alikuwa akimwita kila siku mbele ya watu.

"Mama Tausi, hicho Kifaransa kinasonga ugali?"

"Hapana, mama."

"Basi kiweke chini, ushike mwiko!"

Watu kwa kicheko! Mwasiti alishika mwiko, kitabu akakibana kwapani.

Sasa, mtaa ule una sheria yake. Pakiwa na msiba au harusi, kila mwanamke anakwenda kufanya kazi: kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kuosha masufuria. Haihesabiwi nyumba, anahesabiwa mwanamke. Usipoonekana, ngoja ufiwe wewe uone kama kuna atakayekutekea hata ndoo ya maji.

Siku moja palikuwa na msiba kwa Mzee Lukindo. Mwasiti akaketi na ungo wake, mikono inachambua, mdomo unanong'ona Kifaransa. Bibi mmoja akaruka juu.

"Jamani! Huyu anausomea uchawi mchele wa matanga!"

Ebo! Mchele safi, wa watu kula, ukamwagiwa kuku. Mwasiti akaambiwa ondoka. Alirudi nyumbani na ungo wake.

Zawena akamfuata jikoni. "Wifi, wewe kaa usome. Nitafanya zamu yangu na yako. Lakini tuelewane. Ukishakijua hicho Kifaransa, nawe utanifanyia mimi, nikajifunze kushona. Nimechoka kuwa mtalaka wa jikoni, wifi. Nataka cherehani yangu."

"Naapa, wifi," Mwasiti akasema, na akamkumbatia.

Tangu siku ile Zawena akienda shughulini huketi mbele ya malundo mawili ya vitunguu. "Hili langu, hili la wifi." Wanawake wakaridhika. Kwao kazi ni kazi, ilimradi lundo limekwisha. Machozi ya vitunguu vya watu wawili, jamani, yalimtoka mtu mmoja.

Miaka ikaenda. Kifaransa kikakubali. Wageni wa Kifaransa wakipita kibandani, Mwasiti anawajibu, wanacheka pamoja mpaka vitumbua vinapoa. Zawena akaona. Akasubiri aambiwe. Hakuambiwa.

"Wifi, naona kimeingia."

"Kimeingia, wifi. Ila nimeanza Kijapani. Kidogo tu. Nikikiacha sasa kitapotea chote."

Kidogo tu! Mnaijua hiyo kidogo tu? Zawena aliinuka. Alichukua kisu chake, akaenda msibani.

Na Mrisho? Wanaume wa kijiweni walimcheka. "Mkeo anakutukana kwa Kijapani, nawe unasema ahsante!" Mrisho akawajibu, "Tusi nisilolielewa si langu." Akaendelea kukaza minyororo. Alikula ugali wa baridi, alikula vitumbua vilivyoungua, na ndugu zake walipomwambia amchomee vitabu, aliwafukuza uani.

Kisha simu ya Mwasiti, ndimo kilimokuwa Kijapani chake chote, ikatumbukia kwenye mafuta ya moto. Mwasiti akakaa chini. Akasema, basi, yamekwisha. Bi Mwantumu akapiga makofi. "Nilisema mimi! Hata mbuzi wangu ana subira kukushinda!" Mwasiti alisimama palepale. Akauza kitenge chake cha harusi, akapata simu nyingine, akaanza upya.

Sasa sikilizeni. Likaja kundi la wageni kutoka Japani, na mkalimani wao akashikwa na homa. Dereva akazunguka mjini akiuliza kama kuna mtu anayejua Kijapani. Watu wakamcheka. "Kijapani? Hapa? Labda yule mwendawazimu wa vitumbua." Mwasiti akafunga kibanda, akapanda nao milimani, akawaeleza michoro yote. Mama mmoja mtu mzima, mwenye shule kwao, alimshika mikono akalia.

Haukupita muda, habari zikaja kutoka kwa yule mama. Njoo kwetu mwaka mzima. Utafundisha Kiswahili shuleni kwangu, na Kijapani chako kitakomaa. Tiketi ni mbili: moja yako, nyingine ya yule aliyekusaidia ukafika hapa.

Loo! Ua ulijaa. Waliocheka ndio waliotangulia kupiga vigelegele. Mwasiti akawatazama, damu ikamchemka.

"Leo mmenijua? Mlipomwaga mchele kwa ajili yangu mlikuwa hamnijui? Tokeni!"

Wakatoka. Wakabaki wa nyumbani.

Mrisho akasema, "Mke wangu, mimi sikukufundisha neno hata moja. Lakini nilisimama mlangoni. Ningekuwa mume mwingine, vitabu vingekuwa majivu. Kiti cha pili ni changu."

Bi Mwantumu akasema, "Wewe ulinyamaza tu, kunyamaza nako ni kazi? Mimi ndiye niliyemsukuma! Mama Tausi, sema kweli mbele ya Mungu: simu ilipoungua, kilichokuinua ni upole wa mwanangu au maneno yangu?"

Mwasiti alitaka kumpasukia. Thubutu! Mtu akuchome miaka yote, kisha adai ujira wa kuni! Lakini ilikuwa kweli. Ni maneno yale yaliyomwinua, na kweli ile ilimuudhi kuliko matusi yenyewe.

"Na watoto?" akauliza ili abadili maneno. "Watabaki na nani?"

Mrisho alimtazama Zawena. Bi Mwantumu alimtazama Zawena. Na Mwasiti, kabla hajajizuia, naye akamtazama Zawena.

Zawena akaweka sufuria chini.

"Mnanitazama nini? Mimi ni ukuta wa nyumba, kwamba mtakwenda na kurudi mnikute? Wifi, Kifaransa nilikupa. Nilikupa kwa moyo wangu. Kijapani uliniibia! Miaka ya Kijapani ilikuwa miaka yangu. Na ni Kijapani kilichokuletea tiketi."

"Wifi," Mwasiti akasema, sauti imempungua, "basi kiti ni chako. Twende wote."

"Kiti sikitaki! Nikafanye nini Japani, nimenye vitunguu vyao? Chuo cha ushonaji kimenipokea, masomo yanaanza wiki ijayo, ni mwaka mzima. Nataka ulichoniapia. Kaa nyumbani, ufanye zamu yangu na yako, mimi nikasome."

"Wifi, nafasi hii haitarudi."

"Na yangu itarudi? Nani kakwambia? Umri wangu unausoma kwenye kitabu gani?"

Mrisho akafoka kwamba aajiriwe mpishi wa kulipwa. Zawena akamuuliza kama mpishi huyo atakwenda misibani kuhesabiwa kwa jina la Mwasiti, na wakimkataa, mama yao atakapokufa nani atamkafini. Bi Mwantumu akasema yeye hafi leo, na kiti ni chake. Kelele! Watoto wakaanza kulia.

Katikati ya kelele zile simu ikaita. Alikuwa yule mama wa Japani. Kwa upole kabisa, kwa Kijapani ambacho Mwasiti alikielewa chote, akauliza: tiketi zinakatwa leo, jina la pili ni la nani? Au hutakuja?

Mwasiti akafungua mdomo. Alikuwa na lugha tatu humo, hakupata neno.

Haya, nimefika hapo. Msiniangalie, ningekuwa na jibu ningewauliza nyinyi? Yupo mume aliyelinda mlango. Yupo mama mkwe, ambaye ubaya wake ulizaa wema asioukusudia. Yupo Zawena, aliyemenya malundo mawili. Na yupo Mwasiti mwenyewe, maana hayo maneno ya kigeni hakuna aliyeyameza kwa niaba yake. Lakini wewe uliyenyoosha mkono haraka hivyo, hebu ushushe kwanza, utwambie chakula ulichokula leo kabla ya kuja kuketi hapa kilipikwa na nani, naye aliacha nini ili akipike. Ukishatwambia hilo, ndipo unijibu: mwaka ule, je, nani aliustahili?