Kisagio Kisichohitaji Mnadi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba kitu chema hakihitaji mpambe. Ubora wake wenyewe humvuta mnunuzi, ilhali kitu duni hakina budi kuzungushwa na kupigiwa debe mpaka kipate mtu wa kukibeba. Kama kuna aliyestahili kuijua methali hii kuliko sisi sote, ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya unadi kwa miaka thelathini na minne, ambaye mji mzima ulimwita Mara ya Tatu kwa jinsi alivyokuwa akiigonga meza na kutamka maneno hayo.

Ulimi wake ulikuwa mali. Aliwahi kuuza kabati lisilo na mlango kwa kulisifu kwamba linapitisha hewa, na saa ya ukutani iliyokufa kwa kudai kwamba haimkimbizi mtu. Mwenyewe alipenda kuwaambia wenzake kwa kicheko, "Kiti imara nakiuza kwa pumzi moja. Kiti kibovu hunikausha koo." Alijua, basi. Lakini kujua ukiwa nyuma ya meza ya mnada ni jambo moja, na kukumbuka ukiwa mbele yake ni jambo lingine.

Mwaka aliostaafu, mkewe aliugua moyo. Alilazwa wiki tano, akarudi nyumbani amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Daktari alimkataza chumvi, ngazi na hasira. Kuhusu kahawa, ambayo bibi huyo aliipenda tangu usichana wake, akasema, "Kikombe kimoja kidogo asubuhi. Kimoja tu." Bibi aliyapokea yote bila neno, ila hilo la mwisho lilimwinamisha kichwa. Mzee aliona. Akaapa moyoni kwamba kama ni kimoja, basi kitakuwa kikombe cha kumfanya atamani kuamka.

Mashine ya espreso, ile ipikayo kahawa nzito kwa kusukuma maji ya moto kwenye unga wake, walikuwa nayo, zawadi ya watoto wao. Kilichokosekana ni kisagio cha kusagia buni, maana unga wa kahawa wa pakiti ulikuwa umeshapoteza harufu kabla haujafunguliwa. Mzee akavaa koti lake la mnada, akaenda kwenye duka kubwa la vyombo vya umeme.

"Karibu mzee wangu! Macho yako yameshachagua kabla yako!" alisema muuzaji mwenye tai nyekundu, huku akiwasha kisagio cheusi kilichometameta. Taa za buluu zikazunguka. "Hiki hakisagi kahawa, kinaibembeleza! Kina kioo cha kugusa, kina kasi kumi na mbili, na ukikiweka jikoni wageni watasahau walichokuja kusema!" Akanyamaza kidogo, akashusha sauti. "Kimebaki kimoja."

Mzee nusura apige makofi. Alikuwa amesikiliza macho yakiwa nusu wazi, kama mtu aliyekutana na wimbo wa ujana wake. Ule utulivu kabla ya neno la mwisho! Ile sauti iliyoshuka mahali pake hasa!

"Mwanangu, nani alikufundisha?"

"Njaa, mzee wangu."

Wakacheka, wakapeana mikono, na mzee akatoka na boksi kifuani bila kuuliza mna nini ndani wala kusaga hata punje moja. Alikuwa amenunua hotuba.

Kesho yake kisagio kilinguruma hata vijiko vikatetemeka kabatini. Ndani mlikuwa na visu viwili tu, vilivyozikatakata buni ovyo: nyingine vumbi, nyingine vipande kama changarawe. Maji ya mashine yalikimbia penye vipande yakakwama penye vumbi, kahawa ikatoka chungu na chachu kwa pamoja. Bibi alikunywa nusu.

"Kwani dukani hukukijaribu, baba?"

Mzee akajikuna kisogo. "Jamaa alikuwa anaongea vizuri mno."

"Ehe! Leo mnadi kanadiwa!" Bibi alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu hospitali, lakini kikombe alikisogeza pembeni. Siku ya tatu hakukigusa. Wiki ya pili alianza kulala hadi saa nne, na alipoulizwa, akasema hana cha kuwahi. Maneno hayo yalimchoma mzee kuliko tusi.

Ndipo alipokwenda kwa mwanamke aliyekaanga na kuuza buni katika chumba kimoja nyuma ya soko. Rafuni mlikuwa na visagio viwili tu vya kuuza, vya kijivu, visivyo na taa wala kioo.

"Binti, hiki kina nini?"

"Kinasaga."

"Najua kinasaga! Sifa zake?"

"Shika kwanza, mzee wangu." Kilikuwa kizito kama jiwe la mlango. Yule mkaangaji akakifungua kwa kukizungusha mara mbili, akamwonyesha magurudumu mawili ya chuma yenye meno yaliyotazamana. "Haya ndiyo yanayosaga. Yakikaa sawa, unga unatoka sawa. Hii pete ya nje inayasogeza, kidogo kidogo."

Akakifunga tena. Mzee akasubiri. Hakikuja kitu. Akaanza kuingiwa na kiwewe kama mtu aliyekaribishwa chakula asiletewe maji ya kunawa.

"Nisifie basi! Mnunuzi hubembelezwa, ati!"

"Nikisema, utanisikia mimi. Saga, ukisikie chenyewe."

Akasaga. Sauti ilikuwa ya chini, na unga ukaanguka wima bila mabonge. Aliusugua kwa vidole. Kila chembe ilikuwa sawa na mwenzake. Mkaangaji akaupika kwenye mashine yake, kahawa ikatiririka taratibu, nyembamba, rangi ya asali. Mzee akaonja. Akafungua mdomo kusifu, akaufunga. Kila neno alilolifikiria lilikuwa dogo.

"Nifungie," akasema tu.

Asubuhi iliyofuata alimpelekea mkewe kikombe kitandani. Hotuba ya meno ya chuma alikuwa nayo tayari kooni, akaimeza. Bibi alipiga funda la kwanza, akatulia. Akapiga la pili, kisha la tatu, polepole, mpaka tone la mwisho, halafu akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba kuna mtu aliyemnywea.

"Hicho ndicho cha leo, mke wangu," mzee alisema kwa huruma.

"Najua." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Kesho nitaamka saa kumi na mbili. Usinicheleweshe."

Mzee aliketi ukingoni mwa kitanda, akalia kwa furaha. Kisagio cha kijivu hakikuwa kimesifiwa na mtu hata kwa neno moja, na bado kilikuwa kimempa mkewe kesho ya kuiwahi. Hukumu ya wahenga akaikubali bila rufaa: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.