Siku Nyati Alipopiga Marufuku Weusi

Hapo zamani za kale, kabla wanyama hawajanyang'anywa usemi wao, palikuwa na kijiji kilichopenda ngoma kuliko usingizi. Kaeni vizuri, wajukuu zangu. Nawaambia mapema, hadithi hii hunipandisha hasira, kwa hiyo mkiniona nafoka msishangae.

Mwimbaji mkuu wa kijiji alikuwa Nyati. Shingo nene, sauti nzito, pembe zimepakwa mafuta. Mwenye uwanja alikuwa Fisi. Nyati alipoimba, waliopendezwa walipita mbele kumtunza: huyu kibaba cha mtama, yule kibuyu cha asali, mwingine mkeka mpya.

Na waliomtunza ni nani? Wanawake! Tena wanawake weusi. Kiongozi wao alikuwa Mama Sange, kamnyama kadogo keusi kenye pua ndefu. Yeye na mashoga zake, Mama Kanga na Mama Nyegere, ndio waliofagia uwanja, waliopika togwa, na waliowasha moto wa kupasha ngoma. Maana ngoma isipopashwa moto ngozi yake hulegea, na ngoma iliyolegea hailii. Kazi hiyo waliijua wao tu, walirithi kwa bibi zao.

Sasa sikieni Nyati alivyowashukuru:

"Mwanamke mweusi, masizi ya chungu,
Akipita njiani, jua laona uchungu!
Nipeni mweupe, nimpambe kwa shanga,
Mweusi kazi yake kuchota na kutwanga!"

Watu wakacheka kwa-kwa-kwa! Hata weusi wenyewe walicheka, kwa aibu, macho yakitazama chini. Na Nyati mwenyewe alikuwa mweusi ti! Mweusi kuliko sufuria ya msibani! Lakini nani angethubutu kumwambia, na pembe zile?

Fisi naye aliweka utaratibu wake. Swala weupe wacheze mbele, weusi wakae nyuma. Mweusi anayetaka kusogea mbele ajipake chokaa.

Mama Sange alikuwa na binti, jina lake Tunu. Tunu akiimba, hata waliokuwa wanagombana kisimani walinyamaza. Alasiri moja mama yake alimkuta nyuma ya nyumba anajisugua chokaa huku analia. Manyoya ya shavu yamenyonyoka. Ngozi nyekundu, inatoa maji.

"Tunu! Nani kakufanya hivi?"

"Mwenyewe, mama. Bwana Fisi kasema nikiwa mweupe nitaimba siku ya mavuno."

"Na hiyo chokaa haiumi?"

"Inaunguza, mama. Lakini Bwana Fisi kasema nitazoea."

Mama Sange alimwosha binti yake kwa maji baridi, akampaka mafuta, akamlaza. Kisha akatoka nje, akakaa juu ya kinu, akatetemeka mpaka ile pua ndefu ikawa inacheza yenyewe. Nitazoea! Mtoto azoee kuungua ili dume moja lenye pembe lipate la kuimba!

Asubuhi aliwaita mashoga zake.

"Twende tukamng'ate huyo Nyati!" Mama Nyegere akaruka juu.

"Tumng'ate wapi, shoga, na unene ule?" Mama Sange akasema. "Anasema hatutaki. Basi tumsaidie asitupate."

Akaenda kwa Nyati. Alimkuta barazani na Fisi, wanakula mtama wa tuzo.

"Hodi, hodi!"

"Nani huyo? Simwoni."

"Niko hapa chini, bwana mkubwa."

"Aaa, Masizi! Unataka nini?"

"Nimekuletea habari. Wageni wa ng'ambo ya mto wanasema wewe ni mdomo tu. Eti ungekuwa huwataki weusi kweli, ungekuwa unakula mtama wao?"

"Mffff!" Nyati akakoroma. Punje zikamruka puani.

"Wanasema uwanja ungekuwa mweupe wote, wangekuja na watoto wao, na tuzo wangezileta kwa punda."

"Kwa punda!" Fisi akadondosha mate, do, do, do. "Ndugu yangu Nyati, tupige marufuku! Leo hii hii!"

Pale kijijini marufuku ilikuwa jambo zito. Ngoma ikishagongwa mara tatu, neno halifutwi mpaka mavuno yapite, na anayelivunja hafuatwi tena na mtu.

"Ila, bwana mkubwa," Mama Sange akasema kwa sauti ya asali, "ukifukuza wanawake tu, watasema ndugu zako umewaonea huruma."

"Huruma? Mimi?"

"Ndivyo watakavyosema. Na vitu vyetu je? Ukivibakiza, si watasema ni njaa?"

Nyati akainuka, vumbi tifu! Akaiendea ngoma kubwa ya Fisi, akaigonga kwa kwato: Ti! Ti! Ti!

"Sikieni nyote! Siku ya mavuno mweusi yeyote asikanyage uwanja! Wala kitu kilichotoka mikononi mwa mweusi kisiingie! Awe mkubwa, awe mdogo, awe ndugu yangu wa damu! Mimi Nyati nimesema!"

Mtauliza, hakujiona? Hakujiona. Tangu azaliwe hakuna aliyemwambia kuwa yeye ni mweusi. Matusi ya rangi walitengewa wanawake.

"Tumesikia, bwana mkubwa," Mama Sange akasema. Akaondoka taratibu, lakini alipofika kwenye kona alitimua mbio, tupu-tupu-tupu.

Siku ya mavuno ikafika. Wageni wa ng'ambo wakaja na tuzo zao. Lahaula! Uwanja una majani na mavi ya mbuzi. Hakuna mkeka hata mmoja. Hakuna togwa. Moto haujawashwa.

Fisi akaipiga ile ngoma yake. Bwe. Bwe.

"Nyie Swala, ipasheni ngoma!" akafoka.

"Hatujui," akajibu Swala wa mbele. "Wanajua wale uliowafukuza."

"Basi kaeni mstari, mumtunze Nyati!"

"Kwa mtama upi? Hata huo tulikuwa tunapewa na wao. Tena tumechoka kukaguliwa miguu na rangi kama mbuzi wa mnadani!" Akaruka ua, hopu! Wenzake wote wakamfuata.

Hapo ndipo Nyati alipowasili, pembe zinang'aa. Mlangoni pa uwanja, juu ya kinu, alisimama Mama Sange.

"Simama! Unakwenda wapi?"

"Kuimba! Toka, nitakukanyaga!"

"Wageni wetu," Mama Sange akapaza sauti, "neno la ngoma linasema mweusi asikanyage hapa. Huyu ana rangi gani?"

"Mweusi!" wakajibu wageni. "Mweusi ti!"

Nyati akautazama mguu wake wa kulia. Akautazama wa kushoto. Akamtazama Fisi.

"Ndugu yangu, sema neno."

"Nisemeje?" Fisi akanong'ona. "Umegonga mwenyewe. Mara tatu."

"Basi nipe chokaa!"

Akalivamia pipa la chokaa ambalo Fisi aliliweka mlangoni, akajipaka uso, akajipaka shingo, akajipaka mpaka puani.

"Yalaaa! Nakufa! Inaunguza! Maji! Nileteeni maji!"

Akagaagaa chini, pembe zinachimba ardhi. Lakini maji yalikuwa wapi? Waliokuwa wanachota maji amewafukuza.

Akatokea Tunu, kata ya maji mkononi, kovu shavuni. Akasimama mbele ya lile dume linalolia.

"Utazoea, mjomba," akasema.

Akamwekea kata chini, akageuka akaenda zake. Hakusubiri ahsante, maana hakuwahi kuisikia kutoka mdomo ule.

Mara kutoka shambani kwa Mama Sange zikasikika ngoma zilizopashwa vizuri: Ndi! Ndi! Ndi! Wageni wakageuza punda wao. Kule kulikuwa na mikeka, na togwa, na Swala waliojikalia popote walipotaka. Tunu akapita mbele, shavu lake halijapakwa kitu, akaimba. Mama Nyegere, yule aliyetaka kung'ata, akalia kama mtoto. Wanawake wakapanga mstari kumtunza, na asali yote aliyozoea kula Nyati ikawekwa miguuni pa binti mweusi.

Fisi alichungulia uani, akaomba japo makombo. Wakamwonyesha ufagio.

Na Nyati? Mpaka leo akiona tope hujigaagaza humo, anatafuta ubaridi. Ule wimbo hajawahi kuurudia.

Hadithi yangu imekwisha, hasira yangu bado. Shikeni hili moja: usiutukane mkono unaokulisha, maana siku utakapokunjwa hutashiba sauti yako.