Waziri Asichomwe na Jua

Katika wajanja wote niliowahi kuwaona, ukiniondoa mimi, Nyamizi muuza supu ndiye namba moja. Siku moja Meya Lugembe alifika kibandani kwake na ramani kubwa kama shuka.

"Mama, hapa tunajenga kituo cha uwekezaji. Kesho waziri anaweka jiwe la msingi, keshokutwa katapila linavunja kibanda chako."

"Nani apinge maendeleo, mstahiki? Hilo jiwe mnalipachika wapi?"

Meya akakuna kisogo. Ukuta wa kulipachika ulikuwa haujajengwa.

"Usihangaike, baba. Ukuta wangu wa tofali upo, kivuli kipo. Waziri achomwe na jua, nami nipo?"

"Wewe ndiye mwananchi!" Meya akacheka, akanywa supu ya bure.

Waziri akaja, akavuta pazia la jiwe lililopachikwa ukutani kwa Nyamizi, vigelegele vikapigwa. Kulipokucha, katapila likafika likinguruma, Meya nyuma yake.

"Vunja, mwanangu," Nyamizi akamwambia dereva, akinyoosha mwiko ukutani. "Anzia hapo penye jina la waziri."

Dereva akamtazama Meya. Meya akalisoma lile jina mara mbili, akavuta benchi, akaagiza supu. Safari hii alilipa.